Nilivyokwenda Dukani na Pesa za Mwingereza

Jamani, leo nacheka nanyi kwa sababu sina la kufanya, lakini siku ile pale Arusha, enzi za Mdachi, ningepata shimo ningeingia mwenyewe nikajifukia.

Nilikuwa namposa Naserian, na baba yake alinipa sharti moja: kabla mwezi mpya haujaandama nimpelekee blanketi jekundu la dukani, la sivyo binti anakwenda kwa bwana mmoja wa Moshono mwenye ng'ombe wengi (na meno machache, ila hayo mzee hakuyaona). Basi nikabeba tumbaku yangu, nikavuka mpaka nikaiuze kwa Mwingereza, maana huko bei ilikuwa nzuri, na mnunuzi akaniuliza, "Nikupe rupia za fedha, au senti za matundu?" Rupia za fedha zilipita kwa Mwingereza na kwa Mdachi vilevile, kila mwenye akili alizitaka, lakini mimi nikaziona zile rupia zilivyo chache kiganjani, nikaliona na lile rundo la senti zenye tundu katikati, nikasema nipe za matundu. Nilitaka wingi! Kwetu Mdachi naye alikuwa na hela zenye tundu, nikajua hizi ni ndugu.

Nikazitunga kwenye ukanda wa ngozi, nikauvaa shingoni, na siku ya soko nikapita mbele ya boma la serikali polepole, nikilia chwa, chwa, chwa, ili anayetaka kusikia asikie.

Dukani nikachagua blanketi, nikalitupia begani kabisa. Mhindi mwenye duka akaushika ule ukanda ukiwa bado shingoni mwangu, akanivuta kama mbuzi, akaisogeza senti moja karibu na jicho. Hapo hapo nani anaingia? Mama yake Naserian, na wanawake wenzake wa sokoni! Sasa kwetu mposaji hasimami uso kwa uso na mama mkwe, anampisha, na mimi kwa heshima nikaruka nyuma ya magunia ya chumvi. Mhindi hakuachia. Ukanda ukakatika, senti zikatawanyika sakafuni hadi miguuni pa mama mkwe.

"Wewe kijana, toka huko!" Mhindi akapaza sauti. "Hii ya Mwingereza. Boma halipokei kodi kwa hii, tajiri wangu wa pwani hanipi nguo kwa hii. Mimi nitaipeleka wapi?"

"Si zina tundu kama zenu?" nikanong'ona.

"Mimi siuzi matundu."

Nikamwomba anibadilishie hata kwa hasara. Akasema kwa hasara hiyo nitapata pembe moja ya blanketi, nichague ipi.

Mama mkwe, akiwa ameuelekea ukuta, akasema, "Mwenye duka, hebu liulize hilo gunia lako la chumvi, linataka blanketi la nini?"

"Mama anauliza la nini," Mhindi akanipasha habari (kama vile mimi niko Moshi).

"Mwambie la mkwe."

Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimpenda yule binti, jamani, na nilijua habari hii ikimfikia mzee, nimemkosa.

Mama mkwe akafungua fundo la nguo yake, akatoa rupia alizopata kwa kuwauzia askari mahindi, akaziweka mezani.

"Liambie gunia," akasema, "binti yangu hamtaki yule wa Moshono. Na mzee asijue. Hivi vya matundu nachukua mimi, nitawavisha watoto."

Jioni nikapeleka blanketi. Mzee akajifunika, akajigeuza huku na huku, akanisifu mbele ya wazee wenzake: "Huyu kijana anaijua biashara! Kavuka mpaka na tumbaku, karudi na blanketi!" Nyuma ya kiambaza mtu akaanza kukohoa, akakohoa, akakohoa, mpaka mzee akaagiza apelekewe maji.

Naserian nilimwoa. Tangu siku ile, nikivuka mpaka nachukua za fedha tu, hata ziwe chache namna gani. Na mzee kila akianza kuwasimulia wageni jinsi mkwe wake anavyoijua biashara, mimi nainuka nikawaangalie ng'ombe.