Mapazia ya Barji

Mteja wangu mmoja, mama mzungu wa kitongoji cha Randburg, aliniletea picha za tishari, barji kama tunavyosema kwetu. Liko Ulaya. Zamani lilibeba makaa ya mawe. Sasa yeye na mumewe wameligeuza nyumba ya kutembezea wageni wa likizo kwenye mifereji, polepole, vitanda vikiwa mle mlimokuwa na makaa. Alitaka mapazia, rangi ya maji.

Eish, raha niliyoipata! Kibanda changu cha kushonea kiko Marshalltown, katikati ya jiji, nje kelele tupu, lakini kitambaa kile kilipoanza kumiminika chini ya sindano sikusikia tena honi wala wachuuzi. Niliona miti ikipita. Niliona mto wetu Lualaba, watu wamejilaza barjini juu ya magunia ya mchele, moshi wa samaki, mtoto anaogeshwa kwenye beseni. Jirani yangu wa cherehani akanicheka: "Dada, leo umekunywa nini?"

Jioni nilimwonyesha Mama zile picha. Ninaishi naye mtaa wa Observatory. Tangu baridi iliyopita anaomba jambo moja tu, nimrudishe kwetu Kindu, na mimi namzungusha, ngoja hiki, ngoja kile, kwa sababu naogopa kubaki peke yangu katika mji huu wa ugenini. Alizishika picha muda mrefu.

Siku mteja alipokuja kuchukua mapazia, Mama naye akatokea kibandani. Lo! Kitenge cha kanisani, mkeka umekunjwa, kapu la unga na samaki wakavu. Kwetu anayeshona turubai la barji hupanda bure, yeye na mama yake.

"Tunapanda saa ngapi?" akauliza.

Nikacheka mpaka mteja akaondoka zake. Kisha nikaona Mama hacheki.

"Mama, barji lile liko Ulaya. Halifiki kwetu."

"Najua. Mimi si mtoto. Nilitaka unione nimefunga mizigo."

Moyo ukanikatika. Nikakaa chini, karibu na kapu lake, nikalia mbele ya wapita njia wote. "Ukienda, mimi nitabaki na nani?"

Akanifuta machozi kwa upindo wa kitenge. "Nikiwa Kindu utanipigia simu, mama yangu. Kaburini simu haiiti."

Nilifunga kibanda mchana ule ule, nikabeba kapu, yeye akabeba mkeka, tukaenda kuulizia basi la Lubumbashi, njia ya kwenda Kindu.