Niliisugua Sarafu Mimi, Akafukuzwa Dada wa Jikoni

Ndugu zangu wa ukurasa huu, nawasalimu kwa heshima, na ninamshukuru msimamizi aliyekubali kunifichia jina. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, Mkenya, nina mke na watoto wawili walioko nyumbani, ambako nilikuwa nikifundisha historia katika shule ya sekondari. Hapa Doha nina mwaka wa sita. Ijumaa, Wakenya na Waganda tunapokutana Al Wakrah, mji wa jirani, mara nyingi mimi ndiye ninayeombwa kusema machache. Mwezi uliopita nilisema juu ya uaminifu. Watu walinisikiliza kwa utulivu mkubwa, na leo nikiukumbuka utulivu ule natamani ardhi ipasuke inimeze.

Kazi yangu si ya kawaida, basi niruhusuni niieleze. Mwajiri wangu, ambaye nyumbani kwake sote tunamwita Mudir, anakusanya sarafu za fedha za Marekani zilizopigwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Enzi hizo mihuri ya chuma ya kupigia sarafu ilitengenezwa kwa mkono, nyota na tarakimu zikigongwa humo moja moja, ndiyo maana sarafu mbili za mwaka mmoja huweza kutofautiana: katika moja nyota imezisogelea nywele za bibi aliyechorwa juu ya sarafu, katika nyingine imejitenga. Mimi huzitazama kwa lenzi, nikatambua kila moja ilitoka katika muhuri upi, kisha nikaipa daraja kulingana na uchakavu wake. Sharti la kwanza la kazi hii analijua hata anayeanza leo: sarafu ya kale haisuguliwi. Ule weusi iliouvaa kwa miaka ndiyo ngozi yake. Ukiubandua, hadhi imekwenda na hairudi.

Jikoni alikuwepo dada mmoja Mganda, nitamwita Prossy. Aliniita Mwalimu. Siku moja aliniletea chai, akainamia meza yangu.

"Mwalimu, hizi shilingi zako mbona chafu hivi? Nipe mimi dakika mbili na soda ya kuokea, utaona sura yako ndani."

"Ukizigusa, Prossy, tutapanda ndege moja kurudi kwetu."

"Basi mimi nitakaa dirishani."

Tulicheka. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

Wiki mbili zilizopita Mudir alikuwa na wageni katika majlisi, ukumbi wake wa kupokelea wageni. Akaniita nizungumzie nusu dola moja aliyoipata karibuni. Nami, kwa kupenda kusikilizwa, nikatangaza kwamba ilitoka katika muhuri adimu, muhuri uliopata ufa, na kwamba alama ya ufa huo ilionekana kutoka kwenye nyota hadi shavuni. Mgeni mmoja akaishika, akaigeuza, akauliza kwa upole, "Ustadhi, una hakika ni ufa? Usije ukawa mkwaruzo." Mudir akanitazama. Nikajibu kwamba nina hakika, na kwamba kesho yake ningewaonyesha picha iliyokuzwa.

Kesho yake asubuhi niliitazama sarafu ile mpaka macho yakaniuma. Ufa wa muhuri huacha mstari ulioinuka juu ya sarafu, mkwaruzo huzama. Lakini weusi ulikuwa umeujaza mstari wote, nisiweze kuamua. Nikaenda jikoni, nikachukua kopo la soda, nikaloweka pamba. Nilijiambia nitagusa mahali padogo tu. Padogo paling'aa, pakawa kama doa, nami nikaendelea kusugua ili pafanane na pengine. Nilipomaliza, nusu dola ile ilikuwa nyeupe kama kijiko kipya. Na mstari ulikuwa umezama. Ulikuwa mkwaruzo tangu mwanzo.

Niliirudisha kwenye trei yake nikatoka nje kupata hewa. Kopo nililisahau mezani. Prossy alipolikosa jikoni alikuja kulitafuta, na Mudir, aliyekuwa akija kuiona picha yake, akamkuta anatoka nalo chumbani mwangu. Akaingia, akaifungua trei.

Nilipoitwa aliniuliza swali moja tu. "Prossy amewahi kukuambia lolote kuhusu sarafu hizi?"

Ndugu zangu, sikumsingizia. Nilitamka jambo la kweli kabisa. Nilisema, "Aliwahi kusema atazisugua kwa soda." Nikanyamaza hapo. Sikusema kwamba tulikuwa tunataniana, wala sikusema ni mkono wa nani uliosugua. Nimefundisha miaka mingi kwamba nusu ya ukweli ni uongo mzima, na siku yangu ilipofika nusu ile ndiyo niliyoishika.

Prossy alirudishwa kwa wakala aliyemleta, na sasa yuko katika nyumba ya wakala huyo, mtaa wa Najma, akisubiri ndege ya Jumatatu. Jana alinipigia simu.

"Mwalimu, Mudir anasema mimi nilisema nitasugua shilingi. Sijui nani alimwambia. Labda dereva alikuwa anapita nje, akasikia tukicheka."

Nikasema, "Labda."

"Mimi Kiingereza cha kumtosha Mudir sina. Niandikie wewe barua. Mwambie sikugusa. Wewe unanijua, si ndiyo?"

"Ninakujua, Prossy."

"Basi andika vile unajua."

Nimeandika barua hiyo mara nne, na zote zina adabu na ufasaha. Zote zinasema hakugusa, na hakuna hata moja inayosema nani aligusa. Nikiliandika jina langu nitapoteza kazi, na Ijumaa nitasimama mbele ya watu gani? Nisipoliandika, Jumatatu atakaa dirishani peke yake, akiamini kuwa nilimtetea.

Nishaurini, ndugu zangu, hata kwa ukali. Barua ninayo mkononi, na Mudir anarudi ofisini Jumapili asubuhi, wiki ya kazi ya huku inapoanza. Nifanye nini?