Pleti Mbili za Difu ya Baba

Nilizichukua mimi. Kwa miaka thelathini na sita nimekana, kwanza nikiwa mtoto wa darasa la tano, nikilia kwa kwikwi, kisha nikiwa mtu mzima mwenye digrii mbili, nikicheka kwa dharau, kana kwamba mtu aliyesoma hawezi kuwa aliwahi kuiba vyuma sebuleni kwa baba yake. Leo nakiri kwa sababu moja tu: binti yangu anataka kuolewa.

Ninyi mliokulia Mafinga zama zile za makoti ya mtumba yaliyotufika magotini mtanielewa. Baridi ya Julai iling'ata masikio, harufu ya mbao mbichi iliingia mpaka kwenye uji, na kila jambo la maana lilifanyiwa sebuleni kwa kuwa ndiko kulikokuwa na jiko la mkaa. Sebuleni tulisali, sebuleni tulitunza vifaranga, na sebuleni baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alifungua difu ya pikapu yake, ule mtambo wa nyuma unaogawa nguvu ya injini kwa matairi.

Haikuwa difu ya kawaida. Difu ya kawaida, tairi moja likiingia kwenye tope, nguvu yote inakwenda kwa hilo hilo linalozunguka bure, na lile lililo pakavu linatazama tu. Hii ilikuwa na pleti ndani yake, duara nyembamba za chuma zilizobanwa pamoja kulia na kushoto, ili tairi moja likianza upuuzi, jingine livute. Aliyeipata ni rafiki wa baba, Fundi Ambakisye, aliyekuwa akitengeneza malori ya mbao. Aliitoa Mbeya kwenye gari lililopinduka, akaja nayo kwenye basi ikiwa ndani ya gunia la viazi.

"Mwalimu," alisema akiitua juu ya meza yetu, "ukifunga hii, pikapu yako itapanda mpaka mbinguni."

"Mbinguni sina haraka. Nifikishe Madibira masika, na nirudi."

Mama aliondoa vitambaa vyake vyote vya kudarizi kwenye makochi, akavifungia chumbani kama mtu anayehamisha watoto vitani. Ile oili ya zamani ilipomwagwa kwenye karai, nyumba nzima ikanuka mayai yaliyosahaulika. "Mnamchinja nani humo?" mama aliuliza kutoka jikoni.

Fundi Ambakisye alikagua kwa kidole gumba, jino moja moja la gia, macho ameyafumba. Pleti alizikwaruza kwa ukucha, akazielekeza dirishani kutafuta rangi ya bluu ya chuma kilichoungua. Kazi yangu ilikuwa kuziosha kwa mafuta ya taa, kuzifuta kwa fulana kuukuu ya baba na kuzipanga juu ya gazeti kwa mafungu mawili, la kulia na la kushoto. Kuzihesabu hakuhesabu mtu. Fundi alikuwa na njia yake: mwisho wa kazi angeyaweka mafungu yote mawili ubavu kwa ubavu, ainame mpaka jicho lilingane na meza, aone kama moja limelika kuliko jingine.

Sasa, wakati ule kila mtoto wa Mafinga mwenye kujiheshimu alikuwa na gari la vipande vya mbao kutoka kiwandani. Gari langu lilikuwa na matairi ya mti yaliyokuwa na pembe. Na mbele yangu, zimeng'aa, kulikuwa na duara za chuma zenye tundu katikati. Gari haliendi na tairi moja, kwa hiyo nilihitaji mbili. Nikachukua moja kutoka kila fungu, ili lisiwepo lililo fupi. Nilijivunia akili hiyo. Kwa kweli, hata sasa najivunia kidogo.

Wakati wa kufunga, Fundi aliinama, akatazama. "Zimelika," alisema, "lakini zimelika kwa haki."

Jumapili iliyofuata baba aliwatangazia watu mlangoni pa kanisa kwamba pikapu yake haijui tope. Masika ikaja, naye akajitolea kuipeleka kwaya Madibira. Katikati ya majaruba ya mpunga, tairi la kulia likazunguka kwa bidii na la kushoto likatazama, kwa kuwa pleti zilizobaki zilikuwa zimelegea. Waimbaji walisukuma wakiwa na sare nyeupe, mpaka zikaacha kuwa nyeupe. Mwishowe walivutwa na ng'ombe wawili, ambao mwenye nao alimuuliza baba kwa adabu zote, "Mwalimu, hii ndiyo ile?"

Baba alirudi na tope mpaka kwenye nyusi, akaenda moja kwa moja kwa Fundi Ambakisye.

"Umeniletea takataka!"

"Tuifungue tena, Mwalimu. Tuione."

"Nimeshaona ndani yako. Ndani ya difu sina haja napo."

Jioni nikaulizwa kama niligusa kitu. Nikasema sikugusa. Gari langu lilikuwa uvunguni mwa kitanda, na niseme ukweli, lenyewe halikuwahi kukwama. Fundi alihamia Mbeya mwaka ule ule, na wale wawili hawakusalimiana tena.

Neema, binti yangu, amempata kijana chuoni. Mpole, anasalimia, anakula ugali bila kuupiga picha kwanza. Anaitwa Gwakisa, na ni mjukuu wa Ambakisye. Baba, ambaye bila idhini yake hapokelewi mshenga, alisikia jina hilo akaweka kikombe chini. "Ukoo ule hauingii hapa."

"Mama, babu ananikatalia mchumba kwa sababu ya spea?" Neema aliniuliza. "Si angeandika tu maoni mabaya mtandaoni, yakaisha?"

Nilikwenda Mafinga peke yangu, nikamwambia baba yote. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ulitoa za kulia au za kushoto?"

"Moja moja, baba."

Aliinuka, akaingia ndani, na kwa wiki mbili hakupokea simu yangu. Vijana wa leo hufuta rafiki kwa kubonyeza mara moja, na kufikia jioni wameshapata wengine. Wazee wetu waliutunza ugomvi kama gari la pekee, wakiupaka grisi kila mwaka usije ukashika kutu. Sijui ni nini nilichokuwa nakionea wivu hapo. Labda ni kwamba hawakumkasirikia hivyo mtu wasiyempenda.

Leo asubuhi simu iliita.

"Nimempigia Ambakisye," baba alisema.

"Amesemaje?"

"Amecheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza kwa nini nilikataa tuifungue. Waambie washenga waje Jumapili baada ya ibada. Naye Ambakisye anakuja."

Nikaanza kushukuru, machozi yakinitoka.

"Sijamaliza. Wewe siku hiyo hutakaa na wakubwa. Utakaa jikoni na watoto wenzako mpaka nikuite."

"Ndiyo, baba," nikasema, na simu ikakatwa.