Bega la Kukupokea

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, nikishuka njia ya mlimani na viatu mkononi ili nyayo zisisikike. Ndevu zangu zilikuwa ndiyo kwanza zinachungulia, kifurushi cha nguo nimekifunga kiunoni, na nilikuwa naondoka nyumbani bila kumuaga mtu.

Usidhani nimekuita hapa nikwambie utulie. Wazee wenzangu ndio watakaokwambia hivyo, na wengi wao wametulia kwa sababu magoti yamewagomea. Mimi sijatulia hata leo. Mke wangu husema nikikaa kwenye kiti, kinachochoka ni kiti. Kwa hiyo ninapokuona unavyoitazama barabara, unavyoshika simu kila saa na kuulizia nauli ya Dar es Salaam, sikushangai wala sikulaumu. Nakuonea huruma kidogo, maana najua jinsi miguu inavyowasha.

Kijiji chetu kilikuwa kwenye mgongo wa mlima, kati ya Soni na Lushoto. Utoto wangu wote niliupitisha kwenye mteremko. Tulichonga magari ya mbao, magurudumu ya mbao, tunayaburuta mpaka juu halafu tunayapanda na kushuka nayo bila breki, tukipiga kelele, mpaka tuingie kwenye kabichi za Bibi Mwanaidi. Yeye hutoka na fagio, nasi hutawanyika. Aliyekuwa hodari kuliko sote ni Bakari, mjukuu wake, aliyelelewa naye nyumba moja. Bibi alimchapa Bakari kwa makosa yetu sote, na Bakari hakuwahi kututaja.

Basi mwaka mmoja utamu wa mambo hayo ukaniisha mdomoni. Gari la mbao nikaliona la kitoto, na kazi za kiume nazo nikaziona kifungo. Baba yangu alikuwa na ugonjwa wa kifua. Akipanda matuta ya shamba la mteremkoni na mzigo wa majani husimama kila hatua chache kutafuta pumzi, na mluzi wa kifua chake ukausikia toka nyumbani. Kwa hiyo kukata majani ya ng'ombe kukawa kazi yangu. Na ng'ombe wa kulishwa bandani, mwanangu, hajui Jumapili wala Idi, hajui mvua wala mechi ya mpira. Nilianza kuhisi kwamba kamba ile bandani imenifunga mimi, na aliyeshika ncha ya pili ni ng'ombe.

Bakari alikwisha kuondoka. Tuliamka siku moja hayupo, tukasikia yuko Tanga, tukasikia amenunua redio. Sisi vijana tulimtaja kila jioni kana kwamba amevuka bahari. Nami nikaongea na utingo mmoja wa lori la mboga pale Soni. Akaniambia nije siku ya soko kabla ya adhuhuri, nisaidie kupakia, kisha nipande juu ya kabichi mpaka mjini. Akasema lori likijaa halimngoji mtu. Waliotunga kwamba haraka haraka haina baraka, mwanangu, hawakuwa na lori la kuwahi.

Ndiyo hiyo safari niliyokuwa nayo asubuhi ile. Nimeshuka kipande cha njia, nikasikia sauti za wanaume ndani ya ukungu, "Taratibu, kuna jiwe," na mara machela ikatokea mbele yangu ikitoka njia ya kitongoji cha juu.

Huenda hujawahi kuiona machela ya kwetu. Ni miti miwili mirefu, katikati pameshonewa blanketi au gunia, mgonjwa analala hapo, na wanaume wanne wanaiweka mabegani. Barabara ya gari ilikuwa mbali, kwa hiyo kila mgonjwa mahututi alishuka mlima hivyo. Na ilikuwa desturi kwamba ukikutana na machela huulizi mgonjwa ni wa dini gani wala ukoo gani. Unaweka pembeni ulichobeba, unaingiza bega, aliyechoka anapumzika.

Safari hii wabebaji walikuwa wachache, kwa kuwa wanaume wengi walikwisha kushuka sokoni. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Daudi, mzee wa kanisa, mrefu kama mnara, mtu asiyependa maneno. Nyuma walikuja wanaume wawili tu wa kupokezana, na mmoja wao alishakuwa anachechemea. Ndani ya blanketi alikuwa Bibi Mwanaidi. Jana yake jioni aliteleza kwenye tuta akiwa na mzigo wa majani kichwani, na paja lake lilikuwa limevunjika.

Nilipiga hesabu yangu ya haraka. Mbele kidogo njia inagawanyika, mkono mmoja unakwenda Soni na mwingine Lushoto, hospitali. Nikasema nitasaidia mpaka njia panda. Nikakimbilia kushika mbele, maana nilidhani mbele ndiko kwenye heshima. Nilipoingiza bega, machela yote ikainama.

Bibi akafumbua jicho. "Mbele huko mmeweka nani? Mbona naona naelekea kuchinjwa?"

Mzee Daudi akanishika shingo kama paka na kunihamishia nyuma. Kwenye mteremko, warefu hukaa mbele na wafupi nyuma, ili mgonjwa alale sawa; mkipanda, mnageuza. Bibi aliponitambua akasema, "Ah, ndiye huyu. Leo basi gari lako la mbao ni mimi." Wanaume wakacheka, naye akataka kucheka, maumivu yakamkata. Tangu hapo akawa anauma kitambaa cha kanga.

Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyesema hivyo hajabeba machela. Mti ule unakula bega mpaka mfupa, na ukitaka kujikuna tu, mgonjwa anaugua.

Tukafika njia panda. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba mimi naishia hapo, nina lori nalifuata Soni.

Hakuna aliyesimama. Mzee Daudi hata hakugeuza kichwa. "Nenda," akasema. "Hakuna aliyekufunga. Mpate wa kukupokea, umwachie, uende na baraka. Machela haiachwi hewani."

Nikatazama nyuma. Yule aliyechechemea alikuwa ameachwa mbali. Mwenzake ndiyo kwanza ametoka chini ya mti wa machela, bega lake limechubuka, jasho linamdondoka. Nikatazama njia ya Soni, nyeupe kwa ukungu. Ndipo nikasikia sauti ya Bibi kutoka ndani ya blanketi, taratibu, bila hasira. "Mwacheni mtoto wa watu. Bakari naye alikwenda. Angekuwepo, mimi nisingepanda lile tuta."

Tukashika njia ya Lushoto.

Nilikasirika, sikufichi. Nilimkasirikia Mzee Daudi, nikamkasirikia Bibi, nikaikasirikia milima yenyewe. Kila kona nilitazama mbele nimpate mwanaume wa kunipokea. Kona ya kwanza akaja mama na kikapu cha karoti. Kona nyingine akaja babu na mkongojo, akasimama pembeni akavua kofia. Kisha wakaja watoto wawili wa shule, ambao juzi tu tulikuwa tunasukumana kwenye magari ya mbao. Wakajibanza kando ya njia kutupisha, kama inavyopasa, wakasema, "Shikamooni." Mmoja akaniangalia usoni, hana hakika kama na mimi nimo. Wanaume wakaitika marahaba, nami nikajikuta nimeitika nao. Neno lile sikuwa nimewahi kulitamka mbele za watu. Lilinitisha, mwanangu. Nilitamani kucheka na nilitamani kukimbia.

Hatimaye, mji ukiwa umeshaanza kuonekana chini, tukakutana na kijana mmoja mwenye nguvu zake, anatoka kupeleka maziwa, dumu tupu mgongoni. Hakungoja kuombwa. Akaweka dumu, akaja ubavuni kwangu, akaingiza bega nyuma ya langu, akasema, "Toa." Nikatoa. Mzee Daudi akainua mkono mmoja bila kugeuka, akaniambia, "Safari njema, bwana." Akaniita bwana. Machela ikaendelea kushuka na mimi nikabaki nimesimama, bega linawaka moto, niko huru.

Nikatimua mbio kurudi njia panda. Malori ya mboga hayajawahi kuondoka kwa wakati, nilijua nikikaza nitaliwahi. Nilikimbia kwa furaha. Nimekwisha kuishika njia ya Soni, nikapita karibu na nyumba ya watu, na ng'ombe wa pale akalia ule mlio wa njaa, ule wa kuita majani.

Nikapunguza mwendo. Wetu naye atakuwa analia saa hii. Na baba hawezi kumsikia ng'ombe akilia akabaki amekaa. Atakuwa ameshika panga. Atakuwa ameshuka kwenye matuta yaleyale yanayoteleza, na kifua chake kile, na mzigo kichwani. Nikaliona paja la Bibi Mwanaidi. Nikaelewa kwamba kule njiani nilidaiwa bega nikalitoa, lakini nyumbani nilikuwa nimeuacha mti hewani tangu alfajiri, na huko hapakuwa na wa kunipokea, kwa sababu sikumwambia mtu kwamba natoka.

Nilisimama pale muda mrefu. Sitakudanganya kwamba nilirudi kwa moyo mweupe. Nilirudi nikilia.

Baba nilimkuta kwenye tuta, amekalia mzigo wa majani, anatafuta pumzi. Nikauchukua nikajitwika. Tukapanda pamoja. Tulipofika bandani akasema, "Nilikusikia ulipotoka."

"Mbona hukuniita, baba?"

"Ningekuita, ungerudi mguu mmoja, mwingine ungebaki njiani."

Nikamweleza yote, lori, utingo, mji. Nilingoja fimbo au mahubiri. Baba akauliza, "Mdogo wako Yusufu unadhani ataweza kunoa panga?"

Ndivyo tulivyoanza. Mpaka masika yalipokwisha nilikuwa namfundisha Yusufu: kunoa, kukata, kufunga mzigo, kupanda tuta kwa ubavu siku za utelezi, kumtambua ng'ombe mgonjwa kabla hajaacha kula. Alikuwa mvivu wa kuamka, na nilimpigia kelele sana. Kisha nikaondoka mchana kweupe. Baba alinisindikiza mpaka Soni, akasimama na kupumzika mara nyingi njiani, na safari hii sikuona haya kumngoja. Bibi Mwanaidi alikwisha kurudi kutoka hospitali na mkongojo, ambao kwa kuwachapia watoto ulifika mbali kuliko fagio. Alinipa mahindi ya kuchoma ya njiani. Hakumtaja Bakari, nami sikuthubutu.

Sikujuta kuondoka. Mtembea bure si sawa na mkaa bure, na mimi dunia nimeiona. Lakini miaka michache baadaye, nikiwa mjini, kifua cha baba kilimbana ghafla. Mimi nilikuwa mbali, hata habari zilinifikia wakati mambo yamekwisha. Aliyeita majirani ni Yusufu. Aliyeshika mti wa nyuma toka nyumbani mpaka hospitali, akakataa kupokewa, ni Yusufu, yule mvivu wa kuamka. Baba aliishi akawaona wajukuu zake. Kila nilipomtazama mzee yule ameketi na mtoto wangu mapajani, nilijiuliza ingekuwaje kama siku ile ya soko ningeliwahi lile lori.

Basi sikiliza, mwanangu. Nenda. Aliye na miguu inayowasha hatibiwi kwa kufungwa kamba. Ila kabla hujatoka, tazama umeshikilia nini nyumbani kwenu. Huenda wewe hukioni kama mzigo kwa sababu umekizoea: ni wewe unayemkumbusha bibi yako dawa, ni wewe unayemvusha mdogo wako mtoni wakati wa mvua. Mtafute wa kukupokea. Mfundishe ukiwa bado upo, usimfundishe kwa simu. Aga mchana, uso kwa uso, hata kama utatukanwa. Na mzazi akikataa kukusikiliza, mwite mjomba, mwite shangazi, niite mimi nije niseme naye. Kukua si kubeba peke yako mpaka uanguke, wala si kutupa ukakimbia. Mtu mzima ni yule anayejua nani yuko chini ya mti anapotoka yeye.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Akupe kazi ya halali na usingizi mtamu. Popote utakapochoka, akuletee mtu mwenye nguvu zake, asiyekujua jina, aingize bega lake nyuma ya lako na akwambie, "Toa." Na siku yetu sisi wazee ya kushushwa mlima ikifika, hata kama hutakuwepo, tuwe mikononi mwa yule uliyemfundisha wewe. Amina.