Zaina, huku Lusangi mvua imenyesha kweli

Jamani, kichwa changu kinakataa. Mdogo wangu Zaina amezikwa jana Kabambare, na mimi dada yake niko hapa Lusangi, njiani kwenda kwake, siku ya tatu sasa, nimezuiwa na mvua.

Pikipiki haipiti, daraja liko chini ya maji. Mtandao unashika huku juu kilimani tu, basi nimepanda na magoti yangu ya kizee niwaandikie ninyi rafiki zetu, maana nikinyamaza nitapasuka.

Wengi mlidhani sisi ni marafiki tu. Tulikuwa na baba mmoja, shofere wa lori la pamba enzi za Wabelgiji. Alikuwa na nyumba mbili: kwa mama yangu Kasongo, na kwa mama yake Zaina Kabambare.

Zamani zile mvua ikinyesha barabara ilifungwa kwa barieri, mti mrefu uliolazwa kukata njia, na lori halikupita mpaka udongo ukauke. Mzungu wa barabara hakuwa na mchezo na jambo hilo.

Kwa hiyo mimi, kule Kasongo, nilimwomba Mungu jua, Papa arudi. Zaina kule Kabambare aliomba mvua, Papa abaki. Tulipojuana ukubwani, kwenye matanga ya Papa, tulilicheka hilo mpaka wakubwa wakatukemea.

Zaina alicheka kwa mabega, kama Papa. Nilimpenda siku ile ile, ingawa jina la mama yake halikutajwa nyumbani kwetu.

Lakini iko siku moja ambayo sikuwahi kuicheka. Mdogo wetu wa Kasongo, Polo, alikuwa na surua, na Papa alitegemewa kurudi Jumamosi. Kila gari likivuma, Polo aliuliza: "Ni Papa?"

Jumamosi mchana aliacha kuuliza. Tulimzika Jumapili asubuhi.

Papa alifika Jumapili jioni, mfukoni ana karanga za Polo.

"Barieri ilifungwa, mama Polo. Ni mvua."

"Mvua gani?" Mama alimwambia. "Watu wametoka kule na kinga, wanasema njia iko kavu! Sema tu ulikuwa kwa bibi yako wa Kabambare." Kinga ndiyo baiskeli.

Papa aliinua mkono akaapa. Hakuna aliyemwamini. Mama aliendelea kumpikia, lakini hakukaa naye tena kuongea mpaka Papa alipokufa. Mimi nilimchukia. Kwenye matanga yake nililia kwa kuogopa macho ya watu tu.

Mwezi uliopita Zaina alinipigia, tayari anaumwa, pumzi fupi fupi.

"Dada Feza, ile siku mvua haikunyesha. Ni mimi nilimwaga mayi."

Alikuwa na miaka minane. Mlinzi wa barieri alikwenda kula, naye akachota mtungi baada ya mtungi kijitoni akamwaga njiani. Mlinzi aliporudi akakuta matope, akadhani mvua imepita pale tu, kama mvua zetu zinavyofanya: upande huu maji, upande ule vumbi. Akafunga.

Mtoto alitaka kula na baba yake mara moja zaidi, basi. Habari ya Polo hakuijua.

"Nilisikia habari ya mutoto nikiwa mukubwa, nikaogopa kukuambia. Unisamehe, dada."

Nilikuwa namwona Papa, mkono juu, anaapa. Nikasema, "Nitakuja, tutaongea uso kwa uso." Nikakata simu. Mungu wangu, nilikata simu!

Nikakaa wiki tatu na hasira zangu, nikiwaambia watu najiandaa kwa safari. Waliponiambia amezidiwa ndipo nikapanda pikipiki. Amekufa nikiwa hapa.

Leo asubuhi mwanawe Ramazani amenipigia.

"Mama mukubwa, mvua gani hiyo? Huku jua inawaka. Watu wanasema haukutaka kuja."

Nimeapa. Peke yangu hapa kilimani, nimeinua mkono kabisa. Akasema, "Haya, mama." Hakuniamini, na siwezi kumlaumu. Hata mimi sikumwamini baba yangu.

Zaina, nilikusamehe juzi, njiani, nimelowa mpaka mifupa, nakimbilia kwako nilitamke neno hilo la msamaha. Lilikuwa neno moja tu na nilikuwa na simu mkononi wiki tatu nzima. Sasa nalipeleka wapi?

Ukimwona Papa, umwambie wewe mwenyewe habari ya mtungi. Mwambie Feza alimchukia bure, na amechelewa kujua.

Pumzika sasa, mdogo wangu, usiningoje. Barieri imefungwa. Haki ya Mungu, huku mvua imenyesha.