Utambi wa Gauni la Nyanya

Haikuwa panya. Kwa karibu miaka thelathini nimesema ni panya, tena kwa ufasaha wa mtu aliyefika chuo kikuu, lakini aliyekata pindo la gauni la nyanya yangu ni mimi.

Gauni lilikuwa jeupe, la pamba, limekunjwa chini kabisa ya sanduku likingoja siku atakayozikwa. Mimi nilikuwa darasa la nane, mtihani uko mlangoni, na koroboi ya nyumba ilikuwa moja tu, ya jikoni. Nikajitengenezea yangu: kopo la hamira, tundu la msumari kwenye kifuniko, mafuta ya taa ya kunyemelea. Utambi ndio uliokosekana.

Nyanya alipoliona gauni, alimlaumu panya kabla sijaulizwa. Nikamuunga mkono. Akaletwa paka.

Sasa, nikiwa mwalimu Doha, nyanya aliniagiza kitambaa cheupe cha kuziba palipoliwa na panya, nikija likizo. Kitambaa nilikinunua upesi. Ujasiri wa kumwambia ukweli kabla hajalivaa gauni hilo sikuuona dukani.

Ijumaa moja, baada ya ibada kanisani Mesaimeer, mwalimu mwenzangu, mama kutoka Ayalandi, alinipeleka kwake Muaither kunywa chai. Alikuwa amerudi kutoka kwao na fungu la majani membamba ya kinamasini, ambayo bibi yake aliyatumia kuangazia nyumba kabla ya umeme. Unamenya ganda la kijani lakini unaacha ukanda mmoja, ndio unaoushikilia ule moyo mweupe usikatike. Kisha unachovya katika mafuta ya kondoo, unaacha yagande. Mafuta aliyapata kwa muuza nyama, mkia mzima.

Mimi nikamenya mpaka ukanda.

"Bibi yangu angekufukuza," akasema. "Tungekaa gizani kwa ajili yako."

Akafunga mapazia, akabana jani moja kwa koleo, akaliwasha likiwa limeinama. Mwanga ulikuwa mdogo, wa manjano, na chumba kikanuka kama siku ya pili ya harusi. Kisha king'ora cha moshi kikalia, tukapanda viti kukipepea kwa magazeti.

"Kwenu mliwasha nini?" akauliza tulipotulia.

Pale shuleni nilikuwa nimejifanya mtu aliyezaliwa karibu na swichi. Nikamsimulia yote, hadi paka.

"Bado yuko hai?"

"Paka?"

"Nyanya yako, mwalimu."

Nikapiga simu palepale, vidole vikiteleza kwa mafuta.

"Nyanya, lile gauni. Hakuwa panya. Ni mimi, nilitaka utambi."

Nikamsikia akimwambia mtu atoke nje na afunge mlango.

"Ulikata wapi?"

"Mbele, kushoto. Upana wa vidole viwili."

"Basi lile pengo kubwa la nyuma ni langu. Koroboi ilikuwa inazimika na babu yako yuko njiani na wageni. Nikasema panya, nawe ukaitikia mbio, nikajua uliniona na unanifichia." Akashusha pumzi. "Miaka yote hii nakuogopa wewe, mke mwenzangu."

"Nami nakuogopa wewe."

"Na yule paka alikuwa mlafi," akasema. "Leta kitambaa kirefu. Na mama yako asijue."