Gazeti la Ireland lililomuoza Sista Nora akiwa kazini Nakuru

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni nyanya yenu, niko Lanet, nje kidogo ya Nakuru, naelekea miaka tisini. Account hii alinifungulia mjukuu wangu, lakini kuandika naandika mwenyewe, kidole kimoja, so mnivumilie. Haya yote niliyaona kwa macho yangu. Chumvi sitaongeza, hata daktari amenikataza.

Nimekuwa nikisoma ile thread ya vijana walioko Dubai na Qatar wakiisema Kenya. Stima, magazeti, wabunge, hata unga. Wengine wenu mmewaambia kama hawaipendi wanyamaze.

Mimi nilicheka. Halafu nikamkumbuka Sista Nora, na kicheko kikaisha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya Mau Mau. Nilikuwa msichana wa Maragoli, nimekuja Nakuru kukaa na shangazi yangu kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Shangazi akanitafutia kazi hospitalini, wodi ya akina mama. Kutandika vitanda, kuosha watoto, kushika mkono wa mama anayelia.

Mkubwa wa wodi alikuwa Sista Nora, sista wa cheo cha unesi, si mtawa. Mwanamke wa Ireland, nywele nyekundu kama moto wa makaa, uso umejaa madoadoa. Siku ya kwanza nilimwogopa. Alikuwa anaongea kama mtu anayegombana, hata akiomba sindano.

Kumbe hasira yake haikuwa yetu. Ilikuwa ya kwao.

Mama yake alikuwa anamtumia magazeti ya county yao kwa meli. Yanafika Mombasa, yanapanda treni, yanaingia Nakuru yamefungwa na kamba, habari zenyewe zimeshazeeka. Saa ya chai Sista ananiita kwenye veranda nyuma ya wodi. Upepo wa mchana unatoka ziwani na vumbi jeupe, tunafunika vikombe na sahani. Anafungua gazeti, anaanza.

"Rispa! Tasama hii! Gazeti yetu iko mjinga kabisa!"

Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashamba ya wazungu, mnakijua. Siku moja gazeti liliandika habari ya mazishi ya mzee fulani, likamaliza kwa kusema marehemu anawashukuru wote waliohudhuria. Sista alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye aproni.

Siku nyingine ni mwanasiasa wa huko kwao. Alifungua pampu ya maji ya kijiji, akapiga hotuba ndefu, padri akabariki, watu wakapiga makofi. Kisha mama mmoja akaenda kuchota. Pampu ilikuwa haijaunganishwa na kisima chochote. Na uchaguzi uliofuata wakamchagua tena!

Halafu kulikuwa na koti la mvua. Alitumiwa kutoka kwao, na kwao mvua hainyeshi, inaishi. Masika ya kwanza hapa Nakuru alivuka kutoka nyumba ya manesi mpaka wodini, akafika amelowa mpaka soksi. Akalivua, akalishika mbele yangu kama mwizi aliyekamatwa.

"Watu yangu nakaa ndani ya maji miaka yote, na koti hapana jua kutengeneza!"

Hivyo ndivyo tulivyozoeana. Siku moja akaniambia, "Sasa wewe. Lalamika."

Nikamwambia sina la kulalamikia. Akasema hakuna mtu duniani asiye na kwao kwenye upuuzi.

Basi nikaanza pole pole. Nikamwambia kuhusu chief wetu aliyejenga daraja la magogo, ng'ombe wanapita, watu wanaanguka. Nikamwambia kuhusu mwalimu wa kwaya yetu anayeimba juu kuliko kwaya nzima, na kila Jumapili sauti inamkwama mahali pale pale. Nikaongea, nikaongea. Nilipomaliza niligundua macho yangu yamejaa machozi. Nilikuwa nimeviona vilima vya kwetu, mawe makubwa yale, moshi unatoka kwenye paa la mama.

Sista alichukua birika. Aliniongezea chai.

Sasa wakuu, Sista Nora alikuwa na mtu wake. Aliitwa Donal, fundi wa mbao. Baba ya Nora hakumtaka kwa sababu hana shamba, kwa hivyo mapenzi yao waliyaficha. Donal alienda Uingereza kutafuta kazi ya ujenzi, Nora akaja Kenya kwa mkataba. Waliahidiana mkataba ukiisha wanaoana, baba apende asipende.

Barua za Donal zilikuwa zinakuja vizuri. Siku ya barua hakulalamika kuhusu chochote. Hata gazeti angeliacha limefungwa.

Halafu zikaacha kuja.

Mwanzo alilaumu posta ya Uingereza. Akalaumu meli. Akalaumu posta yetu. Kila siku mtu wa barua akipita mkono mtupu, Sista anapata kosa jipya kwenye gazeti, lakini kucheka sasa hacheki sana. Jioni nikitoka kazini ningemwona amesimama verandani, anaangalia upande wa stesheni. Tukisikia treni inapiga honi, sote wawili tunageuza shingo. Mimi yangu ilikuwa inaenda Kisumu, upande wa kwetu. Yake ilikuwa inateremka pwani.

Ndipo siku moja likaja furushi la magazeti. Alikata kamba, akafungua la kwanza, akapiga kelele.

"Rispa! Mimi naolewa!"

Nikakimbia. Kwenye ukurasa kulikuwa na picha ya bibi harusi, shela imemfunika nusu ya uso. Alikuwa mdogo wake, Brigid, na walifanana kama mapacha. Lakini chini ya picha waliandika jina la Nora. Wakaongeza kwamba bibi harusi amerudi juzi tu kutoka Kenya, alikokuwa muuguzi.

Alicheka, wakuu! Aliwaonyesha manesi wenzake, aliwaonyesha mpaka akina mama vitandani. "Mimi naolewa na hapana jua!" Wodi nzima ikacheka. Mama mmoja aliyejifungua asubuhi hiyo akamwuliza, "Na mahari nani alikula?"

Kisha nikamwona amenyamaza katikati ya kicheko. Akarudi verandani, akakaa. Akaangalia tarehe ya gazeti: ni wakati ule ule barua zilipoacha kuja.

"Rispa," akasema, sauti ndogo. "Donal nasoma hii gazeti."

Huko Uingereza wajenzi wa county yao walikuwa wanapokezana gazeti hilo nyumba kwa nyumba. Na hakuna mtu wa kumwambia ukweli, maana hakuna aliyejua kwamba ukweli unamhusu.

Nikamwambia, "Sista, si kuna simu ya maandishi, telegramu, pale posta? Twende."

Tulienda saa ya chakula, yeye na kofia yake ya wodi kichwani, karibu anakimbia. Wakati huo watu weusi walikuwa na dirisha lao na wazungu lao. Sista alinishika mkono akanipeleka dirisha lake. Karani alikuwa Mhindi mwenye miwani. Aliniangalia mimi, akamwangalia Sista, akaamua kunyamaza. Akasoma karatasi ya ujumbe wa Sista.

"Madam, hapa umeandika: si mimi, ni dada, nangoja. Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Ataelewa?"

"Kama yeye hapana elewa," Sista akasema, "basi mimi nilichagua vibaya."

Jibu lilikuja, lakini halikutoka kwa Donal. Lilitoka kwa mama mwenye nyumba aliyopanga. Ameondoka. Amepanda meli kwenda Canada. Hakuacha anwani.

Siku hiyo Sista Nora alifanya kazi kama kawaida. Alizalisha akina mama, aliandika kadi, aligombana na mpishi. Jioni nikamkuta kwenye chumba cha mashuka, amesimama na uso ndani ya shuka safi. Nilisimama karibu naye tu.

Aliandikia gazeti barua kali, akidai warekebishe: yeye hajaolewa, yuko Nakuru. Miezi ikapita. Marekebisho yakafika, mistari michache kwenye kona, chini ya tangazo la nguruwe. Akanisomea, anatafsiri pole pole:

"Miss Nora wa Kenya ametuomba tuseme kwamba hajaolewa, wala hatarajii kuolewa."

Tuliangaliana. Hiyo ya mwisho hakuiandika yeye! Waliongeza wenyewe! Nilitaka kulia kwa niaba yake, lakini yeye akaanza kucheka, nami nikacheka, mpaka tukashikana mabega. Nikamwuliza, "Sista, kwa nini bado unalisoma gazeti hili baya?"

Akapangusa macho. "Kwa sababu hapana gazeti ingine duniani nasema jina ya kijiji yetu."

Wakuu, hapa ndipo sikutarajia. Masika yalikuwa yameanza tena barua ilipofika, stempu ya Canada. Wajenzi wa county yao walikuwa huko pia, na gazeti lilikuwa limewafuata. Ndani Donal alikuwa amekata ile mistari ya kona, akaibandika kwenye karatasi. Chini yake ameandika swali moja: *Ni kweli hutarajii?*

Sitawaficha, tulipiga kelele mpaka watoto wote wodini wakaamka.

Alipomaliza mkataba nilimsindikiza stesheni. Alinikumbatia pale platform mbele ya watu, kitu ambacho wakati huo hakikufanywa. Hatukuonana tena. Aliniandikia kutoka Canada kwa muda, amepata Donal wake, amepata watoto, na bado analalamika kuhusu Ireland, si Canada. Kisha nikaolewa, nikahama, barua zikapotea njiani.

Lakini gazeti lile halikubadilisha anwani. Kwa miezi mingi baada ya yeye kuondoka liliendelea kuja wodini. Sista mpya akasema litupwe. Mimi nikalichukua. Saa ya chai nilikaa verandani, nafunika kikombe na sahani, natafuta kosa la kuchekesha kwa Kiingereza changu kidogo. Niliyapata mengi. Hakukuwa na wa kumwita.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anayelalamika sana kuhusu kwao, mara nyingi anajaribu kukaa huko kidogo. So wale wa Dubai na Qatar tuwaache waongee.

Ninyi mlio mbali, hata kama mbali kwenu ni Kaptembwo hapa Nakuru na kwenu ni Kakamega: ni upuuzi gani wa nyumbani mnaoukosa? Andikeni hapa chini. Nyanya halali mapema siku hizi, nitasoma zote.